Kimea kibichi kinatuibia: mama wapishi, anikeni kabla ya kuuza

KASONGO, Maniema. Kwenye masoko yetu, tangu Kasongo mjini hadi Kabambare na Salamabila, kuna maneno yanayorudiwa kila siku kama sala: kimea kibichi ndicho chenye nguvu, kimea kikavu ni unga uliokufa. Mwenye kuuza anasema hivyo. Mwenye kununua anaitika. Hata mnywaji, ambaye hajawahi kuloweka punje moja ya mahindi, anasema anasikia tofauti mdomoni.

Leo ninataka kusema wazi: maneno hayo ni nusu ya ukweli, na kwenye soko nusu ya ukweli ni mbaya kuliko uongo mzima. Yanawaibia feza mama wapishi, yanaharibu afya ya wanywaji, na siku moja yanaweza kutuletea matanga ambayo hatutajua yametoka wapi.

Najua katika mji wetu, wenye misikiti mingi na makanisa mengi, kutakuwa na ndugu wa kuniuliza: kwa nini unapoteza nafasi juu ya pombe? Sheikh ana haki ya kusema ni haramu, na mchungaji ana haki ya kuihubiri vibaya. Siandiki ili mtu aanze kunywa. Ninaandika kwa sababu pombe iko, inapikwa usiku huu ninapoandika, na ada ya shule ya watoto wengi wa territware hizi mbili inatoka ndani ya chungu hicho. Anayetaka watu waache, aendelee na mahubiri yake. Mpaka siku watakapoacha, anayekunywa asife kwa sumu ambayo mtu angeweza kuizuia kwa siku mbili za jua.

Kimea ni nini

Kwa wale wasiopika, nieleze kwa ufupi. Punje ya mahindi au mtama imejaa wanga. Wanga peke yake hauwezi kuwa pombe, kwa maana chachu haili wanga, inakula sukari. Lakini punje ikiloweshwa na kuota, inatengeneza yenyewe vimeng'enya, yaani vitu vinavyokata wanga na kuugeuza sukari, ili mche mchanga upate chakula. Sisi tunamnyang'anya mche chakula chake. Tunaotesha punje siku chache, tunazisimamisha, tunazitwanga au kuzisaga, tunachanganya na uji wa mahindi au wa muhogo, uji unakuwa mtamu, kisha unachacha. Hapo mmoja anachuja na kunywa pombe yake, mwingine anaweka kwenye pipa juu ya moto na kutoa lutuku.

Ubishi uko pale pa kusimamisha. Kuna mama anayeanika kimea mpaka kikauke kabisa, anakisugua, anakipeta, anakisaga, anakiweka. Kuna mwingine anayekitwanga kikiwa bado na maji na kukiuza vile vile, ndani ya gunia au sahani. Kuna hata anayekikoroga na maji kabisa na kukibeba ndani ya bidoni. Huyu wa pili na huyu wa tatu ndio ninaobishana nao.

Unanunua maji

Tuanze na feza, kwa sababu feza inaeleweka haraka.

Punje iliyoloweshwa vizuri na kuota, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Tuseme asilimia 45. Kimea kilichokauka vizuri kina maji kama asilimia 12 tu. Sasa tuhesabu pamoja. Ukinunua kilo 10 za kimea kibichi, umenunua kilo 4 na nusu za maji na kilo 5 na nusu za kimea chenyewe. Ukizikausha kilo hizo 10 zitabaki kilo 6 na robo. Maana yake ni kwamba kilo moja ya kikavu ni sawa na kilo moja na gramu 600 za kibichi.

Tuseme, kwa mfano tu, kilo ya kibichi inauzwa faranga 1.000. Basi kilo ya kikavu ingekuwa na thamani ya faranga 1.600, na mnunuzi asingepoteza kitu. Akiipata kwa 1.300 au 1.400, amepata faida. Lakini wengi wetu tunatazama bei peke yake. Tunaona 1.000 na 1.400, tunakimbilia 1.000, tunarudi nyumbani tunafurahi, na nusu ya mzigo ni maji ambayo tungeyachota bure mtoni.

Na soko letu halipimi kwa kilo. Linapima kwa kopo na kwa bakuli, na hapo wizi unakuwa mkubwa zaidi. Kimea kibichi kina mizizi na michipukizi, kinasimama kama nywele, kinajaza bakuli mapema. Bakuli linaonekana limefurika, lakini ukilibonyeza kwa mkono linashuka. Unga mkavu haudanganyi hivyo. Bakuli lake ni bakuli.

Ongeza safari. Mzigo unaotoka kijijini kwenda Salamabila unapanda pikipiki au baiskeli, au kichwa cha mama. Kwenye kila kilo 100 za kimea kibichi, kilo 45 ni maji. Mwenye pikipiki analipisha uzito wote, na kwenye kila kizuizi hakuna anayekuuliza kama ndani ya gunia lako kuna maji. Salamabila ni mahali pa wachimbaji wa dhahabu, watu wanafika kutoka kila upande, na mwenye kupika pombe huko hakosi mnywaji. Nani anapata faida ya kimea kibichi kinachokwenda kule? Mwenye kukitoa shambani hapati, kwa sababu anauza haraka haraka kwa bei ya chini kabla hakijaoza. Mwenye kukipika hapati, kwa sababu ananunua maji. Anayepata ni yule wa katikati, anayejua kwamba wote wawili wana haraka.

"Lakini kibichi kina nguvu zaidi"

Hapa ndipo nusu ya ukweli ilipo, na sitaificha. Ni kweli kwamba punje iliyoota, ikitwangwa asubuhi ile ile na kuingia chunguni saa ile ile, vimeng'enya vyake viko juu. Kukausha kunapunguza kidogo. Mama anayeotesha kwake, anayetwanga kwake na kupika siku hiyo hiyo, sina neno naye. Aendelee.

Lakini kimea cha sokoni si cha asubuhi ile. Kimeota siku kadhaa kijijini, kimekaa ndani ya gunia siku moja kikingoja usafiri, kimelala njiani, kimefika sokoni, kimekaa tena. Wakati huo wote punje haijafa. Inapumua. Inapopumua inakula wanga wake yenyewe na kutoa joto. Ingiza mkono katikati ya gunia la kimea kibichi lililofungwa tangu jana: ni moto. Joto hilo ni feza yako inayoungua. Wanga uliokuwa ugeuke sukari, punje imekwisha kuutafuna. Na ile harufu kali ambayo watu wanaiita nguvu, mara nyingi ni uchachu tu. Bakteria wamefika kabla ya chachu, wamekula sukari na kuacha ukali. Ukali wa mdomoni si ulevi. Siki pia ni kali.

Kimea kikavu kinasimama palepale ulipokisimamisha. Ukikisaga leo au baada ya miezi miwili, kama umekifunga vizuri, kinafanya kazi ile ile. Kinachokiua si jua. Kinauawa na makosa mawili. La kwanza ni kukikausha karibu na moto mkali: punje ikichomeka, vimeng'enya vinakufa. La pili ni kukimwaga ndani ya uji unaochemka. Uji ukiwa unatokota, kimea kinapikwa kama nyama na hakigeuzi kitu. Ngoja uji upoe, uache kutokota kabisa, uwe wa moto wa kuunguza kidole lakini si wa kuchemka, ndipo utie kimea na kukoroga. Wengi wanaosema kikavu hakina nguvu wamekitia kwenye uji unaochemka. Wamekiua wenyewe, kisha wanakisema vibaya.

Kama kuna anayedhani haya ni maneno ya redio tu, atazame viwanda. Bralima, iliyoanza mwaka 1923 kwa jina la Brasserie de Léopoldville, na wenzake wote wanaopika bia ya chupa, wanatumia kimea cha shayiri kilichokaushwa, kinachokuja kutoka ng'ambo ya bahari. Kinapanda meli, kinapanda lori, kinakaa ghalani, na bado kinatoa bia. Kama kikavu kingekuwa kimekufa, Primus isingekuwapo.

"Hata wazungu wanatumia cha maji"

Neno hili nimelisikia kwa vijana wenye simu. Wameona kwamba Ulaya na Marekani watu wanaopika bia nyumbani wananunua kimea cha maji ndani ya kopo. Ni kweli, kipo. Hata ubishi wetu wanao: kuna wanaotaka cha maji na kuna wanaotaka cha unga. Lakini tuangalie ni kitu gani kile.

Kile si punje mbichi iliyotwangwa. Kiwanda kimekamua utamu wote wa kimea, kikauchemsha na kutoa maji mpaka ukawa mzito kama asali. Ndani yake maji yamebaki kama asilimia 20 tu, iliyobaki karibu yote ni sukari. Kitu chenye sukari nyingi hivyo hakiozi kwa urahisi, sawa na asali isivyooza. Cha unga kimekaushwa zaidi, maji ni kama asilimia 3. Ndiyo maana wanapobadilisha, kilo moja ya cha maji wanaihesabu kama gramu 800 na kidogo za unga. Hesabu ile ile ninayowaambia hapa, tofauti ni kwamba wao wanaijua na wanaiandika juu ya kopo.

Na bidhaa hiyo ina historia. Marekani ilipopiga marufuku pombe, tangu 1920 hadi 1933, makopo ya utamu wa kimea yaliendelea kuuzwa dukani, eti ni ya kuokea mikate. Kila mtu alijua mikate ile inanywewa. Uingereza iliondoa leseni ya kupika bia nyumbani mwaka 1963. Marekani yenyewe iliruhusu kwa sheria iliyotiwa sahihi na Rais Jimmy Carter mwaka 1978. Kwa hiyo hata huko serikali ilikataza, watu wakapika, mwishoni serikali ikakubali na kupanga masharti.

Lakini hata cha kopo, chenye sukari kama asali, kikikaa muda mrefu kinakuwa cheusi na ladha yake inaharibika, na wapishi wa huko wanaonywa watazame tarehe. Sasa chetu, chenye maji karibu nusu, kisichochemshwa, ndani ya bidoni iliyokuwa na mafuta jana, chini ya jua la saa sita, kina ulinzi gani? Kusema "wazungu nao wanatumia cha maji" ni kulinganisha asali na maji ya muwa yaliyolala.

Sumu isiyoonekana

Sasa ninafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Feza ikipotea inatafutwa tena. Ini halitafutwi.

Nafaka yenye unyevu, ikikaa kwenye joto, inaota ukungu. Ukungu mmoja, wa rangi ya kijani na manjano, unatengeneza sumu inayoitwa aflatoksini. Sumu hii haiondoki kwa kuchemsha. Inashambulia ini, inaleta kansa ya ini, na mwenye homa ya ini ya aina B yuko katika hatari kubwa zaidi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, upande wa Makueni, Kitui na Machakos, watu walikula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Wagonjwa 317 walihesabiwa, 125 wakafa. Yalikuwa mahindi ya kawaida, ya nyumbani, yaliyowekwa kabla ya kukauka. Na gunia la kimea kibichi ni nini, kama si mahindi yenye unyevu na joto, yaani kitanda ambacho ukungu unakitafuta?

Mtu wa lutuku ataniambia: mimi ninakunywa mvuke, sumu inabaki chini. Ni kweli, aflatoksini haipandi na mvuke. Inabaki ndani ya machicha. Na machicha yanakwenda wapi? Kwa nguruwe, kwa mbuzi, kwa bata na kuku. Mifugo ikifa, tunatafuta jirani aliyetuonea wivu. Na yule anayekunywa pombe ya kuchuja, isiyopita kwenye pipa, yeye anakunywa vyote.

Kuna mbaya zaidi. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2015, kule Chitima, jimbo la Tete, nchini Msumbiji, watu walikunywa pombe ya kienyeji kwenye matanga. Walikufa watu 75, na wengine zaidi ya mia moja waliugua. Mama aliyeipika alikuwa kati ya waliokufa. Maneno ya kwanza yaliyoenea yalikuwa kwamba kuna mtu ametia nyongo ya mamba. Huo ndio ugonjwa wetu sisi wote: msiba ukija, tunatafuta mtu mbaya. Uchunguzi wa maabara ulikuta kitu kingine. Unga wa mahindi ulikuwa umeharibika, na bakteria aliyekaa ndani yake alikuwa ametengeneza sumu inayoitwa asidi ya bongkreki. Haina harufu, haina ladha, na moto wa kupika hauiondoi. Mwaka 2020, nchini China, katika jimbo la Heilongjiang, watu tisa wa familia moja walikufa kwa sumu hiyo hiyo baada ya kula tambi za unga wa mahindi uliochachwa na kuwekwa muda mrefu.

Sisemi kwamba kila kimea kibichi kina sumu hiyo. Kingekuwa nayo, tusingekuwa na mtu wa kunisoma. Ninasema kwamba unga wa mahindi wenye maji, unaokaa siku nyingi kwenye joto, ndio mahali inapozaliwa, na kwamba sisi tunauandaa mahali hapo kila wiki na kuufunga kwa kamba.

Kwa wale wanaotumia mtama, kuna sababu nyingine. Mtama ukiota, mche na mizizi yake vinabeba kitu kinachotoa sianidi, sumu ya ukoo mmoja na ile ya muhogo mchungu. Iko zaidi kwenye mche na mizizi kuliko kwenye punje. Kimea kikikauka, unakisugua kati ya mikono, mizizi na michipukizi vinavunjika, unapeta kwa ungo, vinaondoka na upepo. Kimea kibichi hakisuguliki wala hakipetiki. Unavitwanga vyote pamoja.

"Na mvua je?"

Hili ndilo swali la haki, na mama wengi wataniuliza. Kwetu mvua inanyesha miezi mingi, tangu mwezi wa tisa mpaka wa tano. Nitaanika lini?

Jibu la kwanza: kimea kikavu kinakaa. Miezi ya kiangazi, wa sita, wa saba na wa nane, jua liko na vumbi liko. Otesha mengi wakati huo, kausha, funga ndani ya bidoni kavu yenye kifuniko, weka juu ya mbao, si juu ya udongo. Utakuwa na kimea wakati wenzako wanahangaika, na utauza kwa bei yako.

Jibu la pili: hata wakati wa mvua kuna jua la saa nne mpaka saa tisa. Tandaza kimea chembamba juu ya turubai safi au mkeka, si kifungu kinene kama kiganja. Geuza mara kwa mara. Mvua ikitishia, kunja na uingize ndani. Usiku, weka kwenye kichanja juu ya jiko, juu sana, mahali ambapo mkono wako unaweza kukaa bila kuungua. Mkono ukivumilia, kimea kinavumilia.

Jibu la tatu ni hili: sisi si wageni wa kuanika. Mchele wa Kasongo, ambao tunajivuna nao mpaka Kindu, hauingii kwenye mashine kabla ya kuanikwa. Muhogo tunauloweka, kisha tunauanika. Samaki wa Lualaba tunawaanika au kuwakausha kwa moshi. Hakuna mama wa hapa atakayekubali kununua mpunga unaotoka maji. Ataung'ata kwanza kwa jino. Kwa nini jino hilo hilo linalala tunapofika kwenye kimea?

Wanaokuja na fimbo

Kuna watu wengine wa kuwaambia, na hawa si mama wapishi. Kila mara jambo la pombe linaposemwa, kuna mwenye kofia anayesikia neno moja tu: faini. Chungu kinamwagwa, pipa linachukuliwa, mama anatoa feza ili asilale kwenye jela, kesho yake pipa liko pale pale. Marufuku juu ya lutuku ni ya tangu wakati wa Wabelgiji. Zaidi ya miaka 60 ya uhuru imepita, na lutuku iko. Fimbo haijafundisha hata mama mmoja namna ya kukausha kimea. Imemfundisha kupika usiku, kwa haraka, na kimea chochote alichopata. Anayeogopa kuanika mbele ya nyumba yake kwa kuwa atakamatwa, atanunua kibichi kwa siri. Kwa hiyo fimbo yenyewe inaleta sumu.

Na haja ya pombe ya nyumbani haipungui. Mwezi wa sita 2025, Heineken, mwenye Bralima wakati huo, ilitangaza kwamba imepoteza usimamizi wa sehemu zake za Goma na Bukavu kwa sababu ya vita. Bia ya chupa ikikosekana au ikipanda bei, mnywaji haendi kulala. Anakwenda kwa mama jirani. Wakati kama huu ndio wa kuangalia vizuri kinachoingia chunguni.

Badala ya fimbo, agronomu wa sekta apite sokoni siku ya soko aonyeshe kimea kizuri na kibaya. Watu wa usafi waliopo kwenye kanda za afya, wanaokagua nyama, wang'ate na kimea. Haiombi mashine. Inaomba jino, pua na macho.

Tukubaliane

Najua mama mmoja peke yake hawezi. Akianika yeye, jirani akauza kibichi kwa bei ya chini, wateja watakwenda kwa jirani, na yeye atabaki na unga wake mzuri na madeni. Ndiyo maana ninasema na wote pamoja, hasa viongozi wa mama wauzaji kwenye masoko ya Kasongo, Samba, Kabambare na Salamabila. Kaeni chini, mkubaliane mambo manne.

Moja: kimea kinachouzwa sokoni kiwe kikavu. Cha kibichi kibaki nyumbani kwa aliyekiotesha, apike siku hiyo hiyo.

Mbili: bei ya kikavu ipangwe kwa haki. Mkumbuke hesabu: kilo moja kwa kilo moja na gramu 600. Mnunuzi aelezwe, asione kwamba anaibiwa.

Tatu: kila mnunuzi aruhusiwe kung'ata punje kabla ya kusagwa. Ikivunjika kwa mlio, imekauka. Ikibonyea, irudi juani. Yenye ukungu, yenye rangi ya kijani au nyeusi, yenye harufu ya udongo uliooza, itupwe mbali, isipewe hata nguruwe.

Nne: unga uliolowa mvua njiani usikaushwe tena na kuuzwa kama kwamba ni mpya. Kukausha hakuondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa. Hasara hiyo ni chungu, lakini ni ndogo kuliko sanduku.

Wanaume wanywaji nao wasikae pembeni wakicheka. Ninyi ndio mnaosema "leta ile ya kibichi, ile kali". Mama anapika mnachoagiza. Siku mtakapouliza "kimea chako ulikianika wapi?" kabla ya kuuliza bei ya kikombe, soko litageuka kwa wiki mbili tu. Hakuna agronomu wala askari mwenye nguvu kama mteja anayerudisha kikombe.

Anayeona kwamba nimekosea kwenye hesabu au kwenye kazi, aje na kimea chake. Tupime kilo moja ya kibichi mbele ya watu, tuikaushe, tuipime tena. Mizani haina kabila wala dini. Itatuambia maji yalikuwa mangapi.